Kamba ya Nyumba Yetu

Kamba ya baba ilikaa jikoni kwetu miaka kumi na mitatu, imetundikwa juu ya meko kwenye msumari ambao mama aliupigilia siku aliporudi nayo kutoka shimoni. Moshi uliifanya nyeusi kama ngozi ya zamani. Jirani akija kuomba kamba ya kufungia ndama alipewa nyingine, na hakuuliza kwa nini ile haiguswi. Kwetu kila mtu anaijua kamba ya shimo akiiona.

Kijiji chetu kinaitwa Kempi hadi leo, ingawa kambi yenyewe ilikwisha kabla mama hajazaliwa. Ukitoka upande wa Kapkatet unaona chai, chai, chai, halafu barabara inashuka na ghafla kuna maji meusi yaliyotulia, na kando yake nyumba za mabati katika mistari miwili iliyonyooka. Mistari hiyo ilipimwa na Wazungu waliokuja kutafuta dhahabu. Walichimba kilima mpaka kikawa shimo, kijito kikaingia, na shimo ndilo hilo tunaloliita ziwa. Dhahabu ilivuta watu. Babu yangu alikuja na ng'ombe kutoka upande wa Chebunyo kuwauzia wachimbaji nyama. Familia ya shosho, yule bibi mzee jirani yetu, ilikuja na duka kutoka Mkoa wa Kati. Wengine walivuka kutoka ng'ambo ya Chepilat. Dhahabu ilipokuwa ngumu Wazungu waliondoka, lakini hawa wengine walibaki, kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aondoke kwanza amwachie shamba. Hakuna aliyeondoka. Chai ikapandwa juu ya mashimo.

Katika kambi ya wageni hakuna aliyemwamini mwenzake. Mtu yuko chini na jiwe la dhahabu mfukoni, na kamba iko mikononi mwa mtu asiyejua hata kwao ni wapi. Ndiyo maana ikawekwa desturi ambayo haijavunjwa: mtu hashuki shimoni mpaka kamba yake ishikwe na mtu wa nyumba yake. Mke, kaka, mama, binti, yeyote, mradi awe wa nyumba moja naye. Na desturi hiyo ina upande wa pili ambao watu huusahau mpaka siku ya shida. Anayeshika kamba ndiye mwenye amri juu ya mtu aliye chini. Akisema mtu wake atoke, anatolewa, kazi isimame isisimame, na hata mzee wa shimo hana la kusema.

Siku ya mwisho ya baba, kamba ilishikwa na mama. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nimesimama nyuma yake na chupa ya chai. Mama alivuta mara tatu, ambayo ni ishara ya kutoka, akavuta tena, kisha akaanza kuikusanya ile kamba, na niliona kwa mabega yake kwamba inakuja nyepesi. Ilikuja yote. Mwisho wake haukuwa umekatika wala kuchanika. Fundo lilikuwa limefunguliwa kwa vidole. Kamba ilikuwa fupi kuliko njia ya chini, na baba alikuwa ameifungua ili aende mbele kidogo. Maji yakamkuta huko.

Mama aliniambia jambo hilo mara moja tu, na akaniomba nisiwaambie wadogo zangu. Hakutaka wajue kwamba baba yao alijifungua mwenyewe. Jambo la pili aliloniambia lilihusu jiwe la kufulia. Ukingoni mwa ziwa kuna jiwe pana ambalo wanawake wote wa Kempi hufulia juu yake. Wakati wa mvua unaona mgongo wake tu. Mama alisema asubuhi ile alikwenda kufua, na mvua ilikuwa imenyesha juma zima, lakini jiwe lilikuwa limesimama juu ya maji kama ng'ombe aliyeamka. Alifua, akaanika, akaenda kushika kamba. Hakujiuliza maji ya ziwa yamekwenda wapi.

Mama aliugua akafariki nikiwa kidato cha kwanza, muhula wa pili. Nilirudi nyumbani kwa mazishi na sanduku langu la shule, na sanduku likabaki. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka kumi, na dada yetu wa mwisho saba. Chai yetu ni mistari michache tu, lakini majani hayangoji mtu amalize kulia. Jumatatu iliyofuata nilivaa aproni ya plastiki ya mama na kikapu chake, nikaingia shambani.

Hata kabla ya hapo mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka mdogo wangu wa kiume shuleni. Njia ya shule inapita kando ya ziwa, na asubuhi ukungu huwa mzito mpaka huoni viatu vyako. Nilikuwa naogopa maji yale. Kwa hiyo nilifunga ncha moja ya leso ya mama kwenye mkono wangu na nyingine kwenye mkono wake, nikamfundisha ishara za shimoni, kwa sababu ndizo pekee nilizozijua. Nikivuta mara moja, ninauliza uko? Anajibu mara moja. Nikivuta mara tatu, simama, rudi kwangu. Nilivuta polepole ili asianguke. Tulikwenda hivyo asubuhi nyingi.

Mwaka juzi dhahabu ilipanda bei, na watu wakaanza tena kuangalia chini. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na baba alifungua shimo la zamani upande wa juu wa ziwa, mwisho wa chai ya shosho. Wanaume wakaacha kuchuma. Wanawake wakaanza kuosha mchanga kwa karai pale pale wanapofulia. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne, na kazi yake ilikuwa kunisaidia kubeba majani hadi kituoni na kuvumilia mzaha wa rafiki zake.

Aliniambia tukiwa shambani, kila mtu upande wake wa mstari.

"Siz, mzee ameniitisha. Anasema nina mwili wa kuingia njia nyembamba."

"Mwili huo uulete hapa, kuna majani."

"Niko serious. Nahitaji mtu wa kamba."

"Hayuko."

"Wewe uko."

"Mimi sishiki."

Alicheka kwanza, akidhani natania. Halafu akaacha kuchuma. "Kwa hiyo nitachuma chai mpaka nizeeke? Mimi na fimbo yangu ya kupimia chai na kikapu, kama nani?"

"Kama mimi," nikasema.

Nilisikia mikono yake ikirudi kwenye majani, lakini alikuwa anayakwanyua pamoja na vijiti vyake, na jioni karani wa kituo alimwaga nusu ya kikapu chake kwenye gunia akamwambia achambue upya mbele ya watu.

Nilikuwa nimepiga hesabu yangu, na niliona haina kosa. Nisiposhika, hawezi kushuka. Hakuna mtu mzima mwingine wa nyumba yetu. Kwa miezi mitano nilishikilia neno hilo moja. Shosho alinisimamisha kwenye ua akaniambia, "Wewe kairitu, msichana wewe, kijana akifungiwa mlango atatokea dirishani." Nikamwambia dirisha langu lina vyuma. Kwenye kituo cha majani wanawake walisema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ndiye amekalia dhahabu ya kaka yake," na mwingine akajibu, "Mwache, anaiatamia," wakacheka mpaka karani akawanyamazisha. Mzee wa shimo alikuja mwenyewe siku moja baada ya kanisa. Alikunywa chai vikombe viwili kabla ya kusema neno.

"Msichana wangu, najua unachokumbuka. Mimi pia nilikuwepo."

"Basi unajua jibu, mzee."

"Njia hii si ile. Hii inaelekea mlimani."

"Inaelekea mlimani leo. Mshipa wa dhahabu ukigeuka mtaugeukia."

Alitazama kamba juu ya meko, akaitazama kwa muda mrefu, akashukuru kwa chai na kuondoka. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na alisikia yote. Tangu siku hiyo aliongea nami kupitia kwa dada yetu. "Mwambie nimekama." "Mwambie lori la majani limechelewa." Tulikuwa watatu ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na msichana wa miaka kumi na sita akawa anabeba maneno kutoka meza hadi meko.

Jumamosi ile ilikuwa ya mwezi wa tano. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa bila kukosa, chai ilikuwa inachipua kwa fujo, na mimi nilitoka mapema niwahi kituo. Mdogo wangu alisema, kupitia kwa dada yetu, kwamba anakwenda kutengeneza ua. Msichana alisema atabaki kusoma. Sikuona kitu katika sura zao. Nimejaribu sana kukumbuka na bado sioni.

Saa nne nilirudi kuchukua gunia. Jikoni moto ulikuwa umezimwa vizuri, kwa maji, jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba yetu anayelifanya akibaki nyumbani. Nikainua macho. Msumari ulikuwa mtupu. Pale kamba ilipokuwa, ukuta ulikuwa na alama nyeupe ya mviringo ambayo moshi haukuifikia.

Niliita jina la dada yangu mara mbili. Kitabu chake kilikuwa wazi juu ya kitanda.

Miaka kumi na sita inatosha. Desturi haikutaja umri. Nilikuwa nimefunga mlango wangu mwenyewe na kusahau kwamba nyumba ina mtu wa tatu.

Njia ya kwenda shimoni inapita ziwani. Nilikuwa nakimbia na gamubuti zangu za kuchumia majani, aproni ikinipiga magotini, na nilikuwa nimeshapita pahali pa kufulia kabla macho yangu hayajaniambia nimeona nini. Nilirudi hatua chache. Jiwe lilikuwa limesimama juu ya maji, lote, mpaka tumbo lake la kijani ambalo huonekana mwezi wa pili tu wakati wa kiangazi. Lilikuwa bado bichi. Utelezi wake ulikuwa unang'aa. Maji yalikuwa yameliacha asubuhi hiyo hiyo, baada ya siku tisa za mvua, na sehemu pekee ambayo maji ya ziwa letu yanaweza kwenda ni chini, kwenye njia za zamani.

Mwanamke mmoja alikuwa anasuuza shuka pale. "Leo tumepewa nafasi," aliniambia kwa furaha. "Ona jiwe lilivyo kubwa."

Niligeuka nikakimbia tena.

Shimoni walikuwa watu saba au wanane juu, na watatu chini. Gogo la kuzungushia kamba lilikuwa kati ya nguzo mbili, na kila kamba ilikuwa na mtu wake: mke wa mmoja, kaka wa mwingine, na dada yangu, amevaa sketi ya shule na gamubuti za mdogo wangu, kamba ya baba imezungushwa kiunoni mwake mara mbili kwa namna ambayo ingemvuta ndani kama kuna uzito. Aliponiona aliishika kamba kwa mikono miwili.

"Alisema ni leo tu," akasema.

"Yuko wapi?"

"Mbele. Aliniambia niilegeze, anataka kufika mbele kidogo."

Mbele kidogo.

Nikamgeukia mzee. Alikuwa ameketi kwenye jiwe na thamosi yake, chini ya mwavuli. "Mzee, watoe. Ziwa limeshuka."

"Limeshuka vipi na mvua hii?"

"Jiwe la kufulia limesimama juu ya maji."

Wanaume wakatazamana. Mmoja akacheka. "Sasa tutachimba kwa ruhusa ya wenye kufua?"

"Msichana wangu," mzee alisema, na hakusema kwa ubaya, "mimi nasoma ukuta wa shimo, sisomi mawe ya kufulia. Asubuhi ukuta ulikuwa mkavu. Mshipa umeonekana leo. Wape nusu saa."

"Siku ya baba lilikuwa hivyo hivyo. Mama aliliona."

"Mama yako hakuniambia."

"Mimi nakuambia."

"Wewe hujashika kamba ya mtu hapa," akasema yule aliyecheka. "Umekataa miezi mitano. Leo unaamrisha kamba ya nani?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma. Kwa miezi mitano nilidhani nikikaa mbali na ile kamba ninamlinda, kumbe nilikuwa nimejiondolea neno la pekee ambalo shimo lingesikia. Dada yangu alikuwa na neno hilo kiunoni na hakujua kama analo.

Nilimfungua. Vidole vyangu vilikuwa vinateleza kwa utomvu wa majani. Nilishika kamba kama mama alivyoshika, mkono mmoja mbele, mmoja nyuma, mguu mmoja kwenye kibao cha mdomo wa shimo, nikasema maneno ambayo sikuwa nimeyasema maishani mwangu ingawa nilikuwa nayajua tangu utoto: kwamba nyumba ya baba yangu imeshika, na mtu wake atoke.

Mzee aliinuka. Alimwaga chai yake chini, taratibu, akawaambia wale wengine wawili, "Iteni wenu."

Yule mke alivuta mara tatu. Yule kaka akavuta mara tatu. Mimi nikavuta mara tatu, na kamba yangu haikujibu.

Wa kwanza alitoka akitukana. "Nani ametuita? Nimeuona mshipa kwa macho yangu! Kwa macho yangu!" Mke wake alimshika ukosi akamvuta kando kama mtoto. Wa pili alitoka kimya. Aliketi kwenye matope, akavua gamubuti moja, akaimimina. Maji yalitoka.

"Kuna kitu kinalia ndani ya ukuta," akasema. "Kama sufuria inayotokota."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Na mdogo wangu?"

"Alikuwa mbele yangu. Alipita pale pembamba. Mimi sipiti."

Nikaanza kukusanya kamba. Dhiraa moja ikaja, ya pili, ya tatu. Ilikuja nyepesi. Nilijua kwamba mabega yangu yanafanya kile nilichoona mabega ya mama yakifanya, na kwamba nyuma yangu kuna msichana anayeyatazama. Ya tano. Ya sita. Kutoka shimoni ulianza kupanda upepo wa baridi wenye harufu ya tope la zamani, na chini sana mlio kama wa mvua kwenye mabati ya mtu mwingine.

Ya tisa ilikataa. Kamba ikakaza kidogo, kama imekwama kwenye jiwe, au kama imeshikwa.

"Vuta kwa nguvu," mtu akasema.

"Usivute," mzee akasema.

Sikuvuta kwa nguvu. Nilivuta mara moja, polepole, kama kwenye ukungu. Uko?

Sijui ni muda gani. Yule mke alikuwa anaomba kwa sauti ya chini. Nikavuta tena mara moja. Uko?

Kamba ikavutwa mara moja.

Nikavuta mara tatu, polepole, nikingoja kati ya kila mvuto kama nilivyokuwa nikingoja hatua zake ndogo. Rudi kwangu.

Halafu uzito ukaja wote kwa pamoja, na kama mzee hangekuwa ameshika gogo ningeingia na mimi. Wote waliingia kwenye kamba, hata yule aliyecheka, hata dada yangu. Tulizungusha. Mlio wa chini ulikuwa umegeuka kishindo. Mzee alikuwa anahesabu mizunguko kwa Kipsigis, kwa sauti ya mtu anayeongoza fahali, na tulipomwona mdogo wangu alikuwa kama mtu aliyezama majini hadi shingoni ingawa alikuwa hewani, kwa vile maji yalivyokuwa yakimtiririka kichwani kutoka kila upande. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka juu ya kichwa chake na mwili wote uliufuata.

Kiunoni hakukuwa na fundo. Alikuwa amelifungua. Kamba ilikuwa imezungushwa mara tatu kwenye kifundo cha mkono.

Nusu saa ambayo mzee aliomba ilikuwa haijaisha wakati maji yalipofika robo ya shimo na kusimama hapo, yametulia, kama yaliyokuwa kwao hapo siku zote.

Hospitalini Kapkatet walimfunga plasta kutoka vidole hadi kiwiko. Daktari alimuuliza ameanguka wapi, naye akasema kwenye chai. Tulikaa kwenye benchi tukingoja plasta ikauke, yeye, mimi, na dada yetu aliyelala begani mwangu na gamubuti zake kubwa.

"Nilifika pale kamba inapoisha," aliniambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu moja kwa moja kwa muda wa wiki nyingi. "Mbele kulikuwa na kitu kinang'aa. Nikafungua fundo. Nikaiweka kamba chini."

"Mbona uliishika tena?"

"Ilitambaa. Niliona inaondoka yenyewe, nikaikanyaga. Halafu ikavuta." Aliangalia plasta yake. "Huyu mdogo wetu huvuta kama anaita ng'ombe. Ile ilikuwa ya kwenda shule. Nikajua ni wewe, na nikajua kama wewe umeshika kamba, basi kuna jambo baya sana."

Nikamwambia nilichoombwa nisimwambie. Nilimwambia kwamba kamba ya baba haikukatika, kwamba baba alifungua fundo kwa mkono wake.

"Najua," akasema.

"Unajua vipi?"

"Shosho aliniambia nikiwa darasa la sita. Kempi yote inajua, dada. Wewe tu ndiye tulikuwa hatutaki ujue kwamba tunajua."

Dada yetu, ambaye nilidhani amelala, akasema bila kufungua macho, "Hata mimi najua."

Ziwa lilibaki chini kwa wiki kadhaa. Tope lililoonekana ukingoni lilitoa magogo ya zamani na toroli la chuma lenye magurudumu manne, na watu wakaja kulitazama na kupigwa picha nalo. Shimo la mzee likawa kisima. Yeye mwenyewe alionekana asubuhi moja amesimama kwenye pahali pa kufulia, mikono nyuma, analitazama jiwe, na wanawake hawakumwonea huruma. "Mzee, umeleta shati?" "Mzee, sabuni iko hapa!" Alitabasamu, akachukua msumari na nyundo mfukoni, akachonga mstari kwenye jiwe pale maji yalipofika. Kesho yake alirudi kuutazama. Sasa huja kila siku, na wamezoea kumwachia nafasi.

Plasta ilipotolewa nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuisha. Kiangazi kilipokaza, mzee alifungua shimo lingine, mbali na ziwa, na mdogo wangu alikuja jikoni nikiwa nasonga ugali. Hakukaa. Alitazama kamba kwenye msumari wake, kisha akanitazama mimi.

"Nitaenda," akasema. "Hata ukikataa nitatafuta njia. Lakini sitaki kutafuta njia."

Niliendelea kusonga kwa sababu ugali ukiuacha unaungua. Nilifikiria kukataa. Nilikuwa na neno hilo mdomoni, limezoea kukaa hapo. Nilifikiria mlango na dirisha, na sketi ya shule pembeni mwa shimo.

"Nikivuta, unatoka," nikasema. "Hata kama umeona kinachong'aa."

"Natoka."

"Na fundo ni mimi nalifunga. Si wewe."

"Sawa."

"Na asubuhi tunachuma kwanza."

"Dada!"

"Kwanza tunachuma."

Kwa hiyo ndivyo tunavyoishi. Jumamosi na siku ambazo hakuna lori la majani, mimi hushika kamba ya baba na mdogo wangu huwa chini. Sijaizoea, na sidhani nitaizoea. Mikono huniuma usiku mahali pale pale. Kila baada ya muda navuta mara moja, na kila mara kuna kipande cha wakati kabla hajajibu ambacho sijui nikiite nini. Wengine hunicheka kwamba navuta mno, kwamba kijana wangu hatapata nafasi ya kuchimba kwa sababu ya kunijibu. Yeye hunijibu kila mara.

Na asubuhi, kabla ya kuvaa aproni, mimi hupita ziwani kwanza. Mzee huwa ameshafika. Hatusemezani sana. Anaonyesha mstari wake kwa kidole, mimi natazama, kisha kila mtu anakwenda kazini kwake.